Kliniki Imefika Cardiff, Foleni Imebaki

Mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye wazazi wake wanaishi Bangor, kaskazini mwa Wales, aliwahi kuniambia jambo ambalo sikuliamini hadi nilipotazama ratiba ya treni mwenyewe. Kutoka Bangor hadi London ni safari ya saa tatu na ushei, ilhali kutoka Bangor hadi Cardiff, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, ni zaidi ya saa nne. Alikuwa akimzungumzia ndugu yake, ambaye alikuwa amepewa rufaa ya kwenda katika huduma ya Wales inayowahudumia watu wazima wenye disforia ya jinsia, na alikuwa akicheka kicheko cha mtu aliyechoka. “Wametusogezea huduma kutoka London,” alisema, “na sasa iko mbali kuliko ilivyokuwa.”

Kabla sijahamia huku Uingereza nilikuwa afisa ugavi Morogoro, na hadi leo riziki yangu inatokana na mikataba, ingawa si mikataba ya huduma hii. Ndiyo maana maneno yale yalinifanya nianze kusoma nyaraka za namna huduma yenyewe inavyopangwa, inavyoagizwa na inavyolipiwa. Watu wengi hubishana kuhusu wagonjwa hawa wakati hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kile kinachonunuliwa kwa ajili yao.

Niseme kwanza ninachomaanisha. Kiswahili cha ofisini kinatenganisha jinsi, ambayo mtu husajiliwa nayo anapozaliwa, na jinsia, yaani namna anavyojitambua na kutambuliwa na jamii. Disforia ya jinsia ni dhiki inayompata mtu pale mambo hayo mawili yasipopatana ndani yake. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali ya kutopatana huko kwenye sura ya maradhi ya akili na kuiweka kwenye sura inayohusu afya ya kujamiiana. Haikufutwa katika orodha, na hilo lilikuwa la makusudi, kwa sababu katika mifumo mingi ya afya kisichokuwa na jina wala namba hakilipiwi.

Kwa Wales, mnunuzi hakuwa hospitali moja. Nchi hiyo yenye watu takriban milioni 3.1 ina bodi saba za afya, na kwa huduma ambazo wahitaji wake ni wachache bodi hizo huunganisha mafungu yao na kununua kwa pamoja kupitia kamati moja, ambayo tangu Aprili 2024 ndiyo kamati ya pamoja ya NHS Wales, yaani huduma ya afya ya umma ya huko. England ilichukua njia nyingine: tangu Aprili 2013 ununuzi wa huduma hii uko mikononi mwa NHS England, ngazi ya taifa. Mantiki ya pande zote mbili inaeleweka, kwa kuwa bodi moja yenye wagonjwa wachache haiwezi kuajiri madaktari bingwa wa kuwahudumia hao peke yao. Afisa ugavi yeyote, hata hivyo, ataona mtego uliopo hapo, kwa sababu huwezi kununua bila makadirio ya mahitaji, na hapa makadirio hayashikiki. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales iliuliza swali hili kwa mara ya kwanza, na watu wapatao 262,000 wakajibu kwamba jinsia yao haifanani na jinsi waliyosajiliwa nayo; baadaye ofisi ya takwimu yenyewe ikatahadharisha kwamba huenda baadhi ya waliojibu hawakulielewa swali. Isitoshe, si kila aliyejibu hivyo ana dhiki, wala si kila mwenye dhiki anataka tiba.

Kwa miaka mingi Wales haikuwa na kliniki yake ya watu wazima. Mgonjwa alipelekwa London, kwenye kliniki iliyoanzishwa Charing Cross mwaka 1966, kama sisi tulivyokuwa tukiwapeleka wagonjwa wa moyo India kabla ya taasisi ya Muhimbili kufunguliwa. Mwaka 2017 serikali ya Wales ilitangaza kwamba itakuwa na huduma yake, na mwezi Septemba 2019 kliniki ikaanza kupokea watu katika Hospitali ya St David's, Cardiff.

Wapo wanaodhani kwamba kutoa huduma hii ni hisani, na kwamba mnunuzi akikosa fedha anaweza kuikata bila maelezo. Mahakama ya Rufani ya England ililijibu swali hilo mwaka 1999, katika kesi ya wagonjwa watatu waliotambulishwa kwa herufi A, D na G dhidi ya mamlaka ya afya ya North West Lancashire. Mamlaka ile iliweka sera iliyolipanga jambo hili chini kabisa, sambamba na tiba zisizo na manufaa yaliyothibitishwa, huku ikisema kwamba milango iko wazi kwa hali za kipekee. Majaji hawakusema kwamba kila anayeomba lazima apewe. Walikiri kwamba fedha za umma zina mwisho na kwamba mamlaka ina haki ya kupanga vipaumbele. Walichokikataa ni unafiki wa sera yenyewe: ilikiri kwa maneno kwamba hali hii ni ugonjwa, kisha kwa vitendo ikaichukulia kama si ugonjwa, na ule mlango wa hali za kipekee ukawa umechorwa tu ukutani. Naiheshimu hukumu hiyo kwa sababu inamdai mnunuzi kitu kilekile ambacho wakaguzi walitudai sisi Morogoro: ukiamua kutonunua, andika sababu ambayo wewe mwenyewe unaiamini.

Kununua kliniki, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoamini kwamba kila mkoa ukipata kliniki yake tatizo limekwisha. Kliniki humwona mtu kwa muda, ikamchunguza, ikazungumza naye, na pale inapoona inafaa ikapendekeza homoni. Baada ya hapo mtu huyo atahitaji dawa na vipimo vya damu, pengine kwa maisha yake yote, na kazi hiyo inatarajiwa kufanywa na daktari wa familia karibu na nyumbani kwake. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda asijue kwamba daktari wa familia wa Uingereza, kwa kawaida, si mtumishi wa serikali. Yeye ni mkandarasi mwenye ofisi yake, anayelipwa kwa yale yaliyomo katika mkataba wake. Homoni hizi, zilizosajiliwa kwa ajili ya wanawake waliokoma hedhi au wanaume wenye upungufu wa homoni, hapa hutumika nje ya matumizi yaliyoandikwa katika leseni zake, na anayetia saini kwenye cheti cha dawa ndiye anayebeba dhamana. Daktari akisema kwamba kazi hii haimo katika mkataba wake wala hajafunzwa kuifanya, unaweza kumlaumu kwa ukosefu wa huruma, lakini kimkataba hoja yake ina uzito. Chama cha madaktari cha Uingereza kimeisema hoja hiyo kwa miaka mingi.

Wales ililiona hilo mapema kuliko England, na ninaipa sifa kwa hilo. Pamoja na kliniki ya Cardiff iliweka timu za maeneo katika bodi za afya na mkataba wa nyongeza wa kuwalipa madaktari wa familia wanaokubali kuendeleza tiba. Haikumaliza kila kitu, maana mkataba wa hiari unabaki kuwa wa hiari, na upasuaji bado hununuliwa kutoka hospitali za England, zenye foleni zake. England nayo, kuanzia mwaka 2020, ilijaribu huduma za aina mpya Manchester, Merseyside na London, zikiendeshwa karibu zaidi na tiba ya msingi, na zikaanza kwa kuwachukua watu waliokwisha kuzeeka katika orodha za kliniki kongwe. Hata hivyo kliniki kadhaa zimekuwa zikiwaita kwa mara ya kwanza watu waliopewa rufaa miaka mitano au zaidi iliyopita, katika mfumo ambao shabaha yake ni mgonjwa kuanza tiba ndani ya wiki 18 tangu rufaa. Kundi la wagonjwa lilipokwenda Mahakama Kuu kudai wiki hizo, hukumu ya Januari 2023 ilisema kwamba wajibu wa mnunuzi ni kufanya mipango inayolenga muda huo, na kwamba kutoufikia peke yake si kuvunja sheria. Niliisoma hukumu hiyo mara mbili. Kisheria sina la kubisha. Kama mtu wa mikataba, nilijiuliza ni mzabuni gani angekubaliwa kwa masharti kama hayo.

Narudi kwa ndugu wa mwenzangu. Wenzetu ofisini walichukua wiki kadhaa kuzoea kiwakilishi kipya cha kumtajia, nami sikuhitaji kuzoea chochote, kwa kuwa ninafikiri kwa Kiswahili, na “yeye” wetu hakuulizi jambo hilo. Mkutano wake wa kwanza na kliniki ulifanyika kwa video, akiwa ameketi jikoni kwa wazazi wake. Barua ya kliniki ilipofika kwa daktari wake wa familia, daktari alikataa kwa upole kuandika dawa, kwa sababu zilezile nilizozitaja, na ikapita miezi kabla timu ya eneo haijamchukua. Leo huenda kupima damu mahali palipo mwendo wa dakika ishirini kwa basi kutoka nyumbani. Kuanzia siku ya rufaa hadi siku aliyopata pakiti yake ya kwanza ya jeli ya homoni ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne, na katika muda wote huo ile treni ya Cardiff hakuipanda hata mara moja.