Unazibembeleza

Niliahidi kuandika Jumapili, na leo ni Alhamisi usiku. Mnisamehe. Mama ametoka hospitali na anaendelea vizuri, kazini wamenipa ile zamu ya asubuhi niliyoiomba tangu mwaka jana, na binti yetu mkubwa amefaulu mtihani wake. Yote hayo ni ya kushukuru, na asanteni kwa salamu zenu. Lakini kilichoniketisha hapa saa hizi, nyumba nzima ikiwa imelala, ni neno moja la Kaka.

Jumamosi alikuja kumjulia hali Mama. Mimi nikawa narudi kutoka kazini. Nikaingia uani, nikagusa breki ya mbele, ikalia. Mnaujua mlio wenyewe, nimeulalamikia humu mara mbili: mwembamba, mkali, unapanda kadiri pikipiki inavyokaribia kusimama, halafu unakatika ghafla. Kitindamimba akaziba masikio kama kawaida yake. Kaka akaweka kikombe chini, akaja, akachuchumaa mbele ya gurudumu.

"Imeanza lini?"

"Ina miezi mitatu. Nadhani ni vumbi tu, Kaka."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe breki huzishiki. Unazibembeleza."

Akainuka, akarudi kwenye kiti chake, mazungumzo yakarudi kwenye dawa za Mama. Basi. Hakucheka, hakurudia. Mke wangu anasema hata hakusikia kilichosemwa. Mimi nimelisikia neno hilo kila siku tangu Jumamosi, nikipiga mswaki, nikipanda ngazi za kazini, nikikunja shuka.

Kwa nini linauma? Kwa sababu aliyelitamka ndiye aliyenifundisha kuendesha. Na kwa sababu anajua. Mliokuwa hapa mwaka juzi mnakumbuka jinsi nilivyoanguka: mchanga uliolowa kwenye kona, nikaikaba breki ya mbele kwa ghafla, gurudumu likafunga, pikipiki ikaniponyoka, nikavunjika mtulinga. Kaka ndiye aliyenibeba. Tangu siku ile mkono wangu wa kulia haufungi breki ya mbele. Unaigusa kwa vidole viwili, mapema mno, kidogo kidogo, umbali mrefu, na kazi kubwa naiachia ya nyuma. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani haionekani.

Unazibembeleza. Anayebembelezwa ni mtoto anayelia.

Jumapili usiku nilitunga majibu, mengine makali. Ningemwambia kwamba kila breki ya diski hulia. Ningemwambia hakuvunjika mtulinga yeye. Ningemwambia asubiri, niifungue, nimwonyeshe kilichoharibika. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Nikaanza kusoma kama mtu anayeandaa utetezi mahakamani.

Na nilipata cha kunifariji. Breki za diski zilizaliwa zikilia. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na pedi zake, vile vibao vinavyoibana diski, sahani inayozunguka na gurudumu, zilikuwa za shaba nyekundu. Chuma kwa chuma. Kelele yake haikuvumilika, hadi mwaka 1907 Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alipopata wazo la kuzivisha pedi asbesto. (Leo tunajua asbesto inavyoua mapafu, na nchi nyingi zimeipiga marufuku.) Kwenye pikipiki za kuundwa kwa wingi kiwandani, diski ya mbele ilikuja na Honda CB750 mwaka 1969. Kwa hiyo mlio ni wa zamani kuliko pikipiki yangu, kuliko Kaka, kuliko Mama.

Mlio wenyewe ni mtetemo. Pedi inaing'ang'ania diski, inateleza, inaing'ang'ania tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na diski inaitikia kama kengele. Ukitaka kuusikia bila pikipiki, buruta kidole kilicholowa juu ya kioo safi. Kwa hiyo swali la fundi ni moja: nini kinaifanya pedi iteleze badala ya kushika, au icheze badala ya kutulia? Vumbi laweza. Mafuta yaweza. Pedi iliyokwisha hadi bati lake likagusa diski yaweza, na hiyo ni ya kusimamisha safari papo hapo. Springi inayozituliza pedi ikilegea. Au zikikauka pini ambazo kalipa, ile taya inayozibana pedi, huteleza juu yake.

Nilitaka mno iwe pini.

Jumanne, baada ya zamu, nikaitoa kwenye kivuli na kuisimamisha kwenye stendi ya kati. Kitindamimba akajiajiri mwenyewe kuwa mshika bolti. Nililegeza kwanza pini inayozishika pedi wakati kalipa bado imefungwa kwenye pikipiki, maana ukishaing'oa huna pa kuikazia. Kisha bolti mbili, kalipa ikatoka. Nikaitundika kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, mpira ule ndio uhai wako. Na kama una msaidizi mdogo, mkataze kabisa kuugusa mkono wa breki, pistoni isije ikasukumwa nje.

Pedi zikaja mkononi. Ya ndani, inayosukumwa na pistoni, ilibaki na milimita 3. Ya nje ilikuwa na 4 na zaidi. Moyo ukaruka, maana kalipa ya aina yangu huteleza juu ya pini mbili ili pedi zote zibane sawa, na ikikwama, pedi ya ndani hufanya kazi peke yake na huendelea kuisugua diski hata ukiachia. Nikavuta pini. Ya juu ilitoka laini. Ya chini nilihangaika nayo, nikaizungusha, nikaivuta, ikatoka kavu, na kutu ya rangi ya matofali katikati yake.

Nikakaa chini. Nikasema kwa sauti, "Unaona?" Mtoto akasema anaona.

Nilishachukua simu nimpigie Kaka. Kwamba ni pini! Pini, siyo mkono wangu! Nikiwa nimeishika simu nikazigeuza pedi, nikaziangalia nyuso zake kwenye mwanga.

Ziling'aa. Zote mbili. Pedi iliyo nzima ina uso mkavu, wa kijivu uliofifia, ukiupitishia ukucha unakwaruza. Hizi zilikuwa nyeusi na nyororo kama kioo cha saa, ukucha unapita bila kusikia kitu. Hivyo ndivyo pedi inavyokuwa ikisuguliwa kijuujuu kwa muda mrefu, inapata joto bila kuuma, uso wake unaiva na kuwa kioo. Pini kavu inaieleza ya ndani. Ya nje, ambayo pini ile ilikuwa inaizuia isikaribie, haiwezi kusingizia pini. Ile iling'arishwa na mkono wangu.

Niliirudisha simu mfukoni.

Na hapo ndipo nilipokumbuka mkono wa Kaka. Siku zote tatu nilikuwa nimekumbuka mdomo wake tu. Alipochuchumaa, kabla hajasema lolote, alizungusha gurudumu nusu mzunguko, akasogeza mgongo wa vidole vyake karibu na diski, bila kuigusa, kisha akavirudisha haraka. Ilikuwa ya moto. Mtu aliyeingia uani polepole kama mimi hastahili kuwa na diski ya moto namna ile. Alikuwa anapima. Kile kimya kilichotangulia neno lake hakikuwa cha kumtafutia mdogo wake dongo. Alikuwa anafikiri breki, na akasema alichokiona, kwa ufupi anaousemea kila kitu, hata msiba.

Sijui kama hilo linaliondoa neno. Limelilainisha. Nilifanya kazi iliyobaki nikiwa na utulivu ambao sikuwa nao tangu Jumamosi.

Nilizilaza pedi juu ya msasa namba 120, msasa juu ya kioo bapa ili uso usipinde, nikazizungusha taratibu hadi ule weusi ukaondoka na ukijivu ukajitokeza pembe zote. Msasa uwe na unyevu na pua iwe imefungwa, vumbi la breki si la kupuliziwa hewani. Kingo za mbele nikazichonga mshazari kidogo, kwa sababu kingo kali hupenda kukwaruza na kuanzisha mtetemo. Kama pedi zingekuwa zimenyonya mafuta nisingehangaika, ningezitupa. Msasa hauyatoi. Kazini kuna mwenzetu alinishauri kwa moyo safi nitie tone la mafuta kwenye diski, "itanyamaza." Itanyamaza kweli, na haitasimama. Nawasihi sana, kwa jina la wote wanaowangoja nyumbani, msifanye hivyo.

Pistoni niliisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni kabla ya kuirudisha ndani, kwa kuwa uchafu ukiingia nayo unakula raba zake. Unapoisukuma, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo pale usukani, basi fungua kifuniko na uzungushie kitambaa, yakimwagika yanababua rangi. Pini ya chini niliiondoa kutu, nikaipaka grisi ya silikoni, ile isiyovimbisha raba. Mgongo wa pedi ukapata utando mwembamba wa grisi ya breki pale pistoni inapogusa. Usoni, hata chembe. Diski nikaipangusa kwa spiriti na kitambaa safi mara tatu, hadi kitambaa kikatoka kama kilivyoingia.

Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechorwa kwenye diski yenyewe. Nilimwomba mtoto anisomee. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia chuma, akafumba jicho la kushoto, akasoma: 3.5. Yangu ina 4. Ina maisha bado.

Nilipomaliza kufunga nikaminya mkono wa breki, ukaenda hadi ukagusa usukani bila upinzani wowote. Ni kawaida, pistoni iko mbali. Nikaminya, nikaminya, hadi ukawa mgumu. Pikipiki isisogee hata hatua moja kabla ya hapo. Mtu akisahau hilo ataligundua barabarani.

Ikabaki kuzizoesha, na hiyo ndiyo sehemu niliyoiogopa. Pedi zilizopigwa msasa zinatakiwa zishikane upya na diski: barabara kavu, nyoofu, tupu, unafika kilomita 50 kwa saa, unafunga breki kwa nguvu hadi karibu 10, unaachia bila kusimama, unaiacha ipoe, unarudia. Mara kumi hivi. Ukizibembeleza, zitarudi kuwa kioo. Hakuna njia nyingine. Kaka angekuwepo asingehitaji kusema kitu.

Nilikwenda jana jioni, peke yangu. Mara tatu za kwanza vidole viwili vilifanya kama vilivyozoea, na ulimi wangu ulikuwa mkavu. Ya nne nikaweka vidole vyote vinne. Sikukaba. Nilikamua, kama unavyokamua nguo iliyolowa, taratibu mwanzoni, kisha zaidi, kisha zaidi. Hivyo ndivyo alivyonifundisha zamani na hivyo ndivyo sikufanya siku ile ya mchanga. Pua ya pikipiki ikainama, uzito wote ukaja mbele, ukalikandamiza tairi kwenye lami, na tairi likashika. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo yenye nguvu: unapofunga, uzito unaikimbilia. Nilikuwa nalijua hilo kwa kichwa miaka yote. Jana nililijua kwa kiganja. Ya tano, ya sita. Ya saba nilisikia upepo tu na mnyororo. Nilifika kumi nikaongeza mbili.

Hailii. Nimeingia uani jana na leo, hakuna aliyeinua kichwa.

Kaka alipiga simu leo mchana. Tuliongea kuhusu Mama, miguu yake inavyovimba jioni, na nani atampeleka kliniki wiki ijayo. Nikamwambia nitampeleka mimi. Akauliza, "Kwa pikipiki?" Nikasema hapana, kwa gari la jirani. Akasema haya. Nilitaka kumweleza habari ya pini na habari ya kioo, zote mbili, ila maneno yakakataa kujipanga. Anakuja Jumamosi. Nitamwachia ufunguo aizungushe mwenyewe.

Ninachokiwaza sasa hivi ni kingine kabisa. Lile jicho la kushoto. Nilidhani mtoto alilifumba kwa sababu ya mng'aro wa chuma. Leo jioni nilipita nyuma yake akifanya hesabu mezani, taa ni nzuri, daftari ni jeupe, na pua yake ilikuwa pale pale karibu na karatasi, jicho limefumbwa. Nimemwuliza kama linamuuma, akasema haliumi, anaona vizuri tu hivyo. Mke wangu anasema nisimtie hofu. Kesho kabla ya zamu nitampigia mwalimu wake, nimuulize darasani anakaa mbele au nyuma.