Mabao Matatu ya Sopu

Kila msimu wa Kombe la Shirikisho hapa Tanzania unapokaribia tamati, mechi moja hunirudia kichwani, nayo ni fainali ya Jumamosi ya tarehe 2 Julai 2022, Yanga dhidi ya Coastal Union, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha. Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tangu utotoni na siku ile timu yangu ilitwaa kombe, lakini ninapoikumbuka mechi hiyo simkumbuki nahodha akiinua kombe. Namkumbuka Abdul Suleiman “Sopu”, mshambuliaji wa Coastal, aliyefunga mabao matatu peke yake katika fainali na bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

Niliitazama Tanga, sebuleni kwa mjomba wangu, ambaye kwake Coastal Union ni sehemu ya ukoo. Wagosi wa Kaya, kama klabu hiyo inavyoitwa, walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, na mjomba huuhesabu umri wa watu kuanzia hapo: huyu alizaliwa kabla ya ubingwa, yule baada yake. Kwa hiyo fainali ile ilikuwa na uzito ambao mimi, niliyezoea makombe, sikuuelewa mpaka nilipomwona amevaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumamosi.

Yanga walifika Arusha wakiwa mabingwa wa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja msimu mzima, na katika nusu fainali walikuwa wamewatoa Simba kwa bao la Feisal Salum kule Mwanza. Coastal, chini ya kocha Juma Mgunda, walikuwa wamewatoa Azam kwa penalti. Wengi tuliamini kwamba kombe limeshapata mwenyewe. Uzuri wa mashindano ya mtoano, hata hivyo, ni kwamba hayaulizi ulikusanya pointi ngapi tangu msimu uanze. Yanakuuliza utafanya nini leo, na Sopu alijibu mapema kwa kufunga bao la kwanza.

Jirani wa mjomba alikuwa akisikiliza redio, na redio yake ilitangulia televisheni yetu kwa sekunde kadhaa. Tulilijua bao kwa kelele za upande wa pili wa ukuta kabla hatujaliona. Kipindi cha pili Feisal alisawazisha, kisha Heritier Makambo akaiweka Yanga mbele, nami nikajizuia kushangilia kwa heshima ya mwenye nyumba. Zikiwa zimesalia dakika chache, ukuta ulipiga kelele tena: Sopu, mbili kwa mbili. Katika muda wa nyongeza ulipiga kelele kwa mara ya tatu, na mjomba akasimama, akaikamata kofia yake kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa upepo. Sopu tena. Coastal tatu, Yanga mbili.

Kisha, muda wa nyongeza ukielekea ukingoni, redio ya jirani ilinyamazishwa ghafla. Mjomba alielewa kabla yangu. Alikaa chini taratibu, akaangalia picha ikimfikia: Denis Nkane, tatu kwa tatu. Penalti zilipofika alikuwa ameshaivua kofia na kuikunja magotini, na Yanga waliposhinda 4-1 alinipa mkono, akasema, "Hongera, mjomba. Mmeshinda," kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ushindi ule haukunipa furaha niliyoitarajia, ilhali tulikuwa tumekamilisha msimu kwa ligi, kombe na Ngao ya Jamii. Nadhani ni kwa sababu penalti humaliza mchezo bila kuumalizia hadithi yake. Sizilaumu, na sidai kwamba hatukustahili. Timu iliyotoka nyuma ikiwa imesalia robo saa au chini ya hapo ina haki ya kujivunia moyo wake. Lakini mtu aliyefunga matatu katika fainali ametoa kila kinachoweza kutolewa na mshambuliaji, na vitabu vya kumbukumbu vitamwandika upande wa walioshindwa. Muda mfupi baadaye alijiunga na Azam.

Jambo moja ninalolipenda katika kombe hili ni kwamba fainali zake husafiri. Tangu mwaka 2017 zimepita Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga na Kigoma, zikiwapa watu wa huko siku ambayo ligi yenyewe haiwapi kwa urahisi. Juni 2023 ikawa zamu ya Tanga, uwanja wa Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal, ila Coastal hawakuwamo. Walicheza Yanga na Azam, na bao moja la Kennedy Musonda likatosha. Nilikuwa Dar es Salaam. Mchezo ulipokwisha nilimpigia mjomba nikimdhania yuko uwanjani, nikamkuta nyumbani. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza lolote kuhusu Musonda. Aliniuliza kama ninalikumbuka lile bao la tatu la Arusha, na kama na mimi nililisikia ukutani kwanza.

Nilimwambia nililisikia.