Nilivyomshonea mwanangu kitabu cha Bibi Titi

Tukienda Kariakoo na daladala, konda akikaribia ile barabara hupaza sauti: "Bibi Titi wapo?" Siku moja mwanangu, ana miaka 7, akageuka kutazama viti vya nyuma. "Mama, huyo bibi mbona haitikii?" Abiria wakacheka. Nikamwambia hilo ni jina la barabara. Akataka kujua ni bibi wa nani, na alifanya nini hadi barabara ikapewa jina lake.

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la mtihani: mwasisi, mpigania uhuru. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mwasisi ni nini, na kabla sijajibu tukawa tumefika.

Wiki ile nilizunguka kwenye maduka ya vitabu nikitafuta kitabu cha picha cha kumfaa. Vya sungura na fisi vipo tele. Vya viongozi nilivyovipata vilikuwa vya darasani, maandishi yamebanana, na kiongozi mwenyewe amepigwa picha kama ya kitambulisho. Nikaamua kutengeneza chetu. Nilinunua manila 4, nikazikata vipandevipande na kuvitoboa kwa msumari, nikavishona kwa uzi wa fundi viatu. Kazi ya kuchora nikampa mpwa wangu, anayejipatia riziki kwa kuandika mabango ya maduka.

Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho. Mara ya kwanza niliandika kama nilivyofundishwa: alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1954, mwaka uliofuata akaongoza tawi la wanawake. Nilipofika ukurasa wa tatu mtoto alikuwa anakoroma. Jirani yangu, mwalimu wa madarasa ya chini, alisoma akacheka. Akaniambia kila ukurasa niweke jambo moja ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa mwili wake. Cheo mtoto hawezi kukiigiza.

Nikaanza upya. Ukurasa wa kwanza: "Titi anaimba." Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwanangu akadhani ni bomba la maji, akalichora pembeni likidondosha matone, nami nikaliacha. Mpwa wangu naye alikuwa amempa Bibi Titi kipaza sauti kikubwa kama cha msanii wa bongo fleva. Hicho nilimwambia akifute, akakigeuza kuwa tari.

Ukurasa uliofuata: "Titi anabisha hodi." Hapa ndipo kitabu kilipopata uhai. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake kwenye chama, alianzia kwa watu aliowafahamu, akawapitia viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaambia wenzao. Mpwa wangu alichora milango sita, kila mmoja na mwanamke wake: huyu kajifunga khanga, huyu ana beseni la maandazi, huyu kavaa buibui na kabeba mtoto. Mwanangu akifika hapo hugonga kila mlango kwa kidole na kusema "Hodi!", na ni lazima mimi niitikie "Karibu!" mara sita. Nikiruka mmoja tunarudia.

Kisha mkutano wa hadhara, kisha bendera ikipandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Nikafunga kitabu hapo, nimeridhika.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea akakifungua. Miaka ile yeye alikuwa msichana hapa hapa Dar. Akasoma hadi mwisho, akageuza jalada kana kwamba kuna karatasi imedondoka. "Na jela umeiweka wapi?"

Nikamwambia, "Shangazi, huyu ni mtoto."

"Kwani mtoto hajui kufungiwa mlango?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichonikera ni kwamba alikuwa na haki. Nikafumua uzi, nikaongeza kurasa mbili, sentensi fupi tu: "Serikali ilimshtaki Titi kwamba alitaka kuiangusha. Titi alikataa. Mahakama ikasema afungwe maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, Titi akarudi nyumbani." Neno uhaini sikuliweka. Picha ni geti lililofungwa, basi, hakuna mtu.

Niliposoma, mwanangu aliurudisha ukurasa nyuma hadi kwenye mkutano wa hadhara, ambako Nyerere na Bibi Titi wamesimama bega kwa bega. Akaweka kidole hapo. "Si walikuwa marafiki?"

"Ndiyo."

"Halafu?"

Nikamwambia wakubwa nao hugombana, na wakigombana wenye serikali mambo huwa mazito. Hakuridhika, mimi pia sikuridhika. Lakini ndio ukurasa anaoufungua kuliko yote, na siku hizi geti limepakwa rangi tatu tofauti.

Karatasi ya mwisho niliiacha tupu, nikaandika juu yake: "Mtaani kwetu nani anasema?" Nikampeleka kwenye mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa mtaro unaofurika kila masika. Mwenyekiti alizungumza, wazee watatu wakazungumza, na sisi kina mama tulikaa nyuma kwenye mikeka tukinong'onezana mengi tu kuhusu mtaro huohuo. Mwanangu alichora wote. Wanaume wamefunguliwa midomo mikubwa yenye meno. Sisi tuna kistari kimoja usoni.

"Mbona mimi sina mdomo?"

"Unao. Umeufunga."

Nikamwomba afute. Akakataa.

Kwenye mkutano uliofuata niliinua mkono, sauti ikanitetemeka, nikauliza pesa ya mtaro tuliyochanga imefikia wapi. Mwenyekiti alisema ataleta hesabu. Hajaleta bado. Karatasi ilikuwa imejaa, kwa hiyo mwanangu alinichora kwenye jalada la nyuma, na meno yangu ni mengi kuliko ya mwenyekiti.