Bomba la kona limemeza maji, na aibu ni yangu

Saa nne usiku wa jana, nikiwa na bukta na mabuti ya mvua, mwavuli umeshapinduliwa na upepo, nimeshinda. Bomba la kona ya mashariki lililonitesa tangu masika yaanze limekubali kumeza. Mvua ilikuwa ile ya Ilboru, hapa Arusha, inayoteremka kutoka Mlima Meru bila kubisha hodi, na gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, halikutema hata tone ukutani. Nilisimama nikalimulika kwa tochi kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekuwa mgonjwa akianza kucheua.

Mnaofuatilia mradi huu wangu wa kuvuna maji ya mvua mnajua pa kuanzia. Magata ni ya bati, nilifunga mwenyewe Februari upande wa mbele, mita 10 moja kwa moja, na maji yote yanakwenda kona moja, yanashuka kwa bomba hadi kwenye simtanki la lita 5,000. Vishikio, mbao za fisha bodi (zile za ukingo wa paa) na kamba ya fundi nilishavieleza huko nyuma, sirudii. Kilichokuwa hakielezeki ni hiki: mvua ya kawaida, safi. Mvua ikikaza, dakika tano hazipiti, gata linajaa kwenye kona ile, maji yanaruka ukingo, yanapiga dirisha la watoto na kuchimba msingi. Mvua ikilegea kidogo, bomba linameza tena kana kwamba halijafanya kitu.

Nilianza na majani, maana ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila mtu. Jirani ana migrivea mitatu kando ya uzio, na majani yake yakikauka yanashikana kama nywele kwenye kitana. Nilitoa karai zima. Mvua iliyofuata, maji yakaruka vilevile, safari hii yakiwa masafi.

Nikasema basi ni mlalo. Nikapanda na pimamaji na kamba, nikakuta katikati gata limetepeta kiasi cha kidole. Nikainua vishikio viwili, nikaacha mteremko wa sentimita 4 kwa mita zote 10, ambao kwa gata ni mwingi wa kutosha. Maji sasa yalikuwa yanakimbilia kona kwa kasi zaidi, na yanaruka kwa kasi zaidi. Hapo nilitukana.

Jaribio la tatu lilikuwa la pesa. Bomba la zamani lilikuwa la inchi 3, nikalitoa, nikaweka la inchi 4 kutoka kwenye gata hadi karibu na tanki. Mwishoni tu, pale linapoingia kwenye bega la tanki, niliacha kipande cha inchi 3 na ridyusa (kiungo cha kutoka bomba pana kwenda jembamba), kwa sababu tundu la tanki lilishatobolewa kwa kipimo hicho na sikutaka kulipanua. Kumbukeni kipande hicho.

Hapa niseme neno kuhusu soketi, vile viungo vya kuunganishia mabomba. Fundi aliyenisaidia siku hiyo hanunui soketi. Anawasha jiko la mkaa, anazungusha mdomo wa bomba juu ya moto hadi ulainike, kisha anausukumia bomba jingine ndani na kuupoza kwa kitambaa cha maji. Nilikuwa nadharau. Nimeacha kudharau, kiungo kinatoka kizuri, hakivuji na kinakaa sawasawa. Ila mwambie fundi mapema mdomo uliopanuliwa uangalie juu. Ukiangalia chini, kila kiungo kinakuwa na ukingo unaodaka majani, na maji yanapenya nje. Kimoja tulikifunga kichwa chini na nikalazimika kukikata. Kukata kwenyewe tumia msumeno wa chuma, achana na grinda. Grinda inayeyusha plastiki na kuacha ndevu ndani ya bomba, halafu utashangaa kwa nini panaziba. Na gundi za bei ya kutupa ni za kutupa kweli. Ile niliyonunua mara ya kwanza iliachia baada ya jua la wiki moja.

Tulipomaliza, nikaweka mpira wa maji juu ya bati, nikaufungua hadi mwisho. Bomba likameza vizuri kabisa. Fundi akaniambia, "Kaka, hapa hata mafuriko ya Nuhu yatapita." Nikamlipa. Siku tatu baadaye ikanyesha, na maji yakaruka.

Jaribio la nne nalionea fahari hata sasa, ingawa halikuponya ugonjwa. Watu wengi hulaumu bomba wakati kinachobana ni tundu la kwenye gata. Gata ni jembamba, maji yake yana kina cha vidole vichache tu, na maji yenye kina kidogo hayashuki kwa nguvu kwenye tundu hata bomba liwe pana kama mlango. Kwa hiyo nilikata bati, nikakunja kisanduku chenye kina cha sentimita 20, nikakifunga kwa riveti chini ya mwisho wa gata na kukiziba kwa silikoni. Maji yanaangukia kisandukuni kwanza, yanapata kina, ndipo yanaingia kwenye bomba. Mafundi wa zamani waliviweka kwenye majumba makubwa, na sasa naelewa kwa nini. Nikapima kwa mpira. Safi. Ikanyesha. Kisanduku kikajaa hadi pomoni, kikaanza kutoa mapovu kama sufuria ya uji, na maji yakaruka.

Siku hiyo mzee wa jirani alikuwa amejikinga barazani kwetu. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama ule mporomoko, kisha akasema, "Mwanangu, si ulikate tu hilo bomba maji yaende mfereji wa barabarani?"

Nikamwambia, "Hapana mzee, haya ndiyo maji ya kupikia." Naye anajua, ni ubishi tu. Mlima wetu ni wa volkano, na chemchemi na visima vingi kuuzunguka vina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisivukwe. Angalia meno ya watu waliokulia upande wa kata ya Maji ya Chai, utaona ile rangi ya kahawia inayoletwa na floraidi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Ya mvua karibu hayana kabisa. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu, meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi sasa hivi. Kwa hiyo bomba lile sikuwa tayari kulikata hata lingenitoa roho.

Baada ya kisanduku nilisusa. Wiki nzima sikupanda ngazi. (Ngazi yenyewe ni ya milunda, nimeipigilia mwenyewe. Ya alumini ya rafiki yangu ni nyepesi, lakini kwenye udongo wetu mweusi uliolowa inateleza kama imepakwa mafuta. Ya milunda inazama kidogo na kutulia.)

Nilichokuwa sijafanya wiki zote hizo ni hesabu. Niliifanya Jumapili kwenye kisogo cha bahasha. Paa upande wa mbele ni mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ikipiga kwa kasi ya milimita 60 kwa saa, na masika hapa inaifikia hiyo kwa dakika kadhaa bila shida, paa linashusha lita 3,600 kwa saa. Ni lita moja kila sekunde, au ndoo kubwa ya lita 20 kwa sekunde 20. Nikachukua ndoo hiyohiyo, nikaweka mpira wangu wa kupimia. Sekunde 80 na ushee.

Yaani miezi yote nilikuwa napima bomba kwa robo ya mvua. Kila "safi" niliyoandika humu ilikuwa safi ya manyunyu. Nimezifuta.

Hiyo haikunipa jibu, ila ilinionyesha kwamba kitu kinachokosewa kinaonekana maji yakiwa mengi tu. Nikaanza kufikiria kupanua tundu la tanki. Nikaazima drili. Drili ikakaa mezani siku nne.

Sasa jana. Mvua ilianza saa tatu na nusu, na saa nne kasoro kona ikaanza kutapika. Nikatoka nikiwa na wazo moja, kufungua mfuniko wa tanki nione maji yanaingiaje pale kwenye inchi 3. Nikapanda juu ya tofali, nikaweka mkono kwenye tanki. Tumbo limekaza kama ngoma. Nikashika mfuniko, haugeuki, kwa sababu mwezi wa pili niliuzungushia silikoni. Nilifanya hivyo baada ya kukuta mjusi ameelea ndani, mama watoto akaapa hapiki tena na maji yale. Basi nikatoa kisu, nikakata silikoni duara zima, nikausukuma.

Mfuniko ulipiga mluzi. Sitanii, ulipiga mluzi, hewa ikanipiga usoni, na nyuma yangu nikasikia bomba likivuta kwa sauti kama ng'ombe anayekunywa. Nikamulika kona. Kisanduku kilikuwa kinashuka. Haikufika nusu dakika, gata likawa linateleza maji kimya, na mvua haijapungua hata kidogo.

Hewa. Tanki lilikuwa halina pa kutolea hewa.

Maji yakiingia tanki, hewa iliyomo lazima itoke. Mfuniko nimeuziba. Pale bomba linapoingia nimepaziba pia, kwa ajili ya mbu. Ikabaki ovaflo, bomba la kutolea maji tanki likijaa, ambayo niliifunga wavu wa mbu mara mbili kwa klampu, nikajipongeza. Leo asubuhi nimeifungua: nyigu wamejenga kiota cha udongo mdomoni kote, kigumu kama kimechomwa kwenye tanuri. Kwa hiyo hewa yote ilikuwa inarudi kwa njia moja tu, lile lile bomba ambalo maji yanashukia, na inapishana nayo kwenye kile kipande cha inchi 3. Mvua ndogo, vinapishana, kila mtu upande wake. Mvua kubwa, hakuna anayempisha mwenzake. Ukitaka kuona, chukua dumu la maji lililojaa uliinamishe ghafla uone linavyobwabwaja, kisha limwage taratibu ukiliacha lipumue. Mapovu ya kisandukuni yalikuwa hewa ya tanki inapanda, na mimi nilidhani ni majani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliambiwa. Wiki ya pili ya masika binti yangu wa darasa la pili alikuja kuniambia, "Baba, tanki linanguruma." Nikamjibu ni radi.

Asubuhi nimevunja kiota, nimeondoa wavu mmoja na kubakiza mmoja. Halafu nimetoboa tundu juu ya bega la tanki kwa ile drili ya kuazima, nikasimamisha kipande cha bomba la inchi moja na nusu, juu nikaweka elbo (viungo vya kona) mbili ili mdomo uangalie chini, mvua isiingie, na mdomoni wavu. Mfuniko sitauziba tena. Uzi wake ukikazwa vizuri unatosha kumzuia mjusi.

Kazi ya leo kwenye ratiba ilikuwa kukwangua na kupaka rangi fisha bodi ya nyuma kabla haijaoza. Sijaigusa. Nikiwa juu ya tanki na tundu liko wazi niliona maji ya juu yana vumbi na vipande vya jakaranda. Vile vijani vyake ni vidogo, vinapenya kirahisi kwenye wavu wenye matundu mapana. Nikaanza kuwaza kutupa maji ya mwanzo ya kila mvua, yale yanayosuuza bati. Nusu milimita ya kwanza kwenye paa hili ni lita 30. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 na ushee kwa kila mita, kwa hiyo nahitaji karibu mita tatu na nusu za bomba lililosimama, mwisho umezibwa kwa kepu yenye tundu dogo la kudondoshea. Likijaa, mpira unaoelea ndani unapanda na kuziba mdomo, maji masafi yanaendelea tankini. Shida ni kwamba kutoka kona hadi chini nina mita mbili na nusu tu. Ama nisimamishe mabomba mawili sambamba, ama niliunganishe na dumu la lita 30 chini. Naegemea dumu.

Mpira nimeshaupata, wa plastiki, unapita kwenye inchi 4 bila kukwama. Mwenyewe hajajua bado, ameenda shule.