Siku moja maishani mwangu: fundi simu, TiddlyWiki na picha zinazogoma kudondoka

Saa 1 asubuhi
Nipo kwenye daladala kutoka Tandika, nimesimama. Mi ni fundi simu pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na kumbukumbu zangu zote za bodi, wapi laini ya chaji inapita, IC (chipu) gani ikifa inaleta dalili gani, ziko kwenye TiddlyWiki. Kwa asiyeijua, ni wiki, yaani daftari la kwenye kompyuta, na lote ni faili moja la HTML (ukurasa wa wavuti) unalifungua na brauza basi, jamaa anaitwa Jeremy Ruston aliianzisha 2004, haihitaji seva wala bando, umeme ukikata naweka kwenye flashi naenda kuendelea kwa jirani mwenye laptop yenye chaji.

Saa 3
Mteja wa kwanza mama mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu, simu haichaji. Nimefungua, nimeisafisha pini, nimepiga picha bodi kwa hadubini, sasa nataka kuidragi picha niidondoshe kwenye wiki kama siku zote. Nikaachia, brauza ikaifungua picha kwenye tabu mpya. Nikarudia, vilevile.

Dogo wa kaunta: "Bro, si ufute kila kitu uweke upya?"
"Tulia dogo, kuna miaka ya kazi humu ndani."

Ukweli ni kwamba brauza ikidondoshewa faili tabia yake ya asili ni kulifungua, mpaka ukurasa wenyewe useme hilo nalishughulikia mimi. Kwa hiyo picha ikifunguka pembeni maana yake wiki haikusema kitu, kuna mtu kamziba mdomo.

Saa 4 na nusu
Wateja wamepungua. Nikaongeza #:safe mwisho wa anwani nikaipakia wiki upya, hiyo inazima plagini zote (viprogramu vya nyongeza vya wiki) na mabadiliko uliyofanya kwenye mfumo wake bila kufuta chochote. Nikadondosha picha, imeingia safi! Basi tatizo ni plagini, brauza haina kosa. Nikatoka huko nikazima nusu ya plagini, nikaseva, nikapakia upya, nikajaribu, halafu nusu ya ile nusu, na hapa watu wengi wanakosea, plagini yenye javascript (programu inayoendeshwa na brauza) ukiizima bila kuseva na kupakia upya inakuwa bado ipo hai kwenye ukurasa, unapata majibu ya uongo na unailaumu isiyohusika. Aliyebaki mwisho ni plagini ya kupamba muonekano niliyopewa na mtu, inatandaza tabaka juu ya ukurasa mzima na kila kinachodondoka kinaishia pale. Nimeifuta, urembo wenyewe wa nini.

Saa 7
Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8
Nimerudi nadondosha picha za asubuhi, zinaingia, ila kuseva kumekuwa kuzito kama gari la mchanga. Kuangalia, faili limenenepa. Na hapa ndo mzizi wa mambo. Ukidondosha picha, wiki inaigeuza kuwa maandishi ya base64 na kuimeza humohumo, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, yaani picha ya MB 3 inakula MB 4, na kila ukiseva linaandikwa faili zima upya hata kama umebadilisha neno moja.

Lakini mbona niliweka plagini ya viambatisho vya nje, ile inayotakiwa kuiacha picha kwenye foda na kuweka njia yake tu, yaani anwani ya pale ilipo kwenye kompyuta? Nimeiwasha, na haileti erro yoyote, ndo kinachoudhi. Nikafungua konsoli, dirisha la ukaguzi la brauza, kwa F12 nikachungulia faili linalodondoka limebeba nini: jina lipo, saizi ipo, aina ipo, tarehe ipo, njia ya foda haipo. Brauza za kawaida haziupi ukurasa njia ya faili kwa sababu za usalama, na kwa kweli sawa tu, nani anataka kila tovuti ijue mpangilio wa kompyuta yake. Plagini hiyo imetengenezwa kwa TiddlyDesktop, programu ya kufungulia wiki hizi nje ya brauza za kawaida, ambako njia inapatikana, kwenye brauza ikikosa njia inanyamaza na picha inamezwa kama kawaida. Mi naona ingetoa japo onyo.

Saa 10
Nimeamua kuachana na kudragi kwa picha kubwa. Nimeweka foda inaitwa picha pembeni ya wiki, nikatengeneza kitufe kinachoniundia tidla mpya (kijikurasa ndani ya wiki) yenye aina image/jpeg, sehemu ya maandishi tupu, na fildi (kisehemu cha kujaza) ya _canonical_uri inayoonyesha picha iko wapi, ambayo naijaza picha/jina.jpg. Naikopi picha kwenye foda, nabonyeza, naandika jina, imekwisha. Ni hatua mbili zaidi ila wiki inaseva fasta. Angalizo, ukihamisha wiki foda nayo iende, la sivyo utaona viboksi vilivyovunjika, na jina usiache lile refu la WhatsApp lenye nafasi kibao, lifupishe.

Saa 11 na nusu
Yule mama amekuja kuchukua simu, inachaji. Dogo kaniuliza na picha alizodragi kutoka tabu nyingine ya brauza mbona zinaingia kama linki, nikamwambia mara nyingi hapo unakuwa umeburuta anwani ya picha, picha yenyewe haimo, iseve kwanza kwenye foda. Picha za zamani zilizomezwa bado zimo ndani, kesho naanza kuzitoa za upande wa chaji kwanza maana ndo nazifungua sana.