Stendi za mbao za Corolla, Kihonda

Mbao zile, za kutengeneza stendi nne za kukalishia tairi za gari, zilinunuliwa kwa sababu ya bushi. Ilikuwa Juni 2014, nyumbani kwa mjomba, Kihonda, Morogoro. Wishboni mpya za Toyota Corolla 110, yaani mikono ya chuma inayounganisha tairi za mbele na bodi kupitia bushi, zilikuwa zimeshafungwa, gari limeshashuka chini, na kazi iliyobaki ilionekana ndogo: kukaza boliti za bushi.

Boliti hizo hazikazwi gari likiwa limening'inia. Bushi ni mpira uliogandishwa kati ya bomba la chuma la nje na la ndani. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa pale pale lilipo, na tangu hapo ni mpira wenyewe unaojipinda kila wishboni inapopanda na kushuka. Ukikaza tairi zikiwa hewani, wishboni iko chini kabisa. Gari likishushwa, mpira umeshapindwa hata kabla halijawashwa, na kila shimo la barabarani linaupinda zaidi. Bushi ya namna hiyo inachanika mapema, na mwenye gari anaambiwa kauziwa feki.

Kwa hiyo gari lazima likae kwa uzito wake wote juu ya tairi zake, na papo hapo mtu awe na nafasi ya kuingia chini na spana ndefu. Gereji yenye shimo haina shida hiyo. Pale nyumbani palikuwa na banda la bati, sakafu nzuri ya zege iliyonyooka, na sentimita 15 hivi kati ya sakafu na tumbo la gari.

Jirani akasema tupange tofali za saruji. Tofali linabeba uzito mkubwa likiwa ukutani, kwa sababu limelalia udongo wa saruji juu na chini na limebanwa na wenzake. Chini ya tairi au chini ya chesisi linaguswa sehemu chache tu, pale penye kokoto au kona iliyotokeza, na ufa unaanzia hapo. Tena halitoi taarifa: sasa hivi ni zima, sekunde inayofuata ni vipande. Mbao ni kinyume chake. Ikizidiwa inabonyea kwanza, inalia, nyuzi zake zinachomoza pembeni, na mtu aliye chini anapata muda wa kutoka. Ndiyo maana waokoaji duniani kote hupanga mbao zilizokingamana chini ya magari yaliyopinduka na majengo yaliyoinama.

Mjomba ni seremala, na alilikubali hilo bila maneno mengi. Aliuliza jambo moja.

"Mjomba, gari lina kilo ngapi?"

"Elfu moja na kidogo, mjomba. Mbele ndiko kuzito zaidi. Kila tairi ya mbele inabeba kama kilo 300."

"Basi mbao haitavunjika. Itakayotusumbua ni kuyumba."

Hesabu inamuunga mkono. Mbao mbili za inchi 2 kwa 4 zikikingamana zikiwa zimelala, zinagusana eneo la sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita 100 za mraba. Paini iliyokauka, ikikandamizwa kwa ubavu wa nyuzi zake, inastahimili kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba bila wasiwasi. Makutano mamoja tu yanabeba tani 2. Stendi yenye makutano 9 katika kila tabaka imeshapita mahitaji ya Corolla kwa mbali sana. Kinachomuua mtu ni stendi ndefu yenye kitako chembamba, mbao iliyopinda inayotikisika, au tairi inayobingirika ikatoka. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba kimo kisizidi upana wa kitako hata kidogo, na sisi tulibaki kwenye nusu: kimo sentimita 20, kitako sentimita 40 kwa 40.

Paini ilitosha. Morogoro hainyimwi paini, maana malori ya mbao za Mufindi yanapita pale yakielekea Dar es Salaam. Mninga ni mgumu zaidi, lakini ni ghali, na ukiupigia msumari bila kutoboa kwanza unapasuka. Kilichotuchukua muda ni kuchagua. Mjomba aliangalia kichwa cha kila mbao: yenye kiini cha mti katikati aliiweka pembeni, kwa sababu ikiendelea kukauka inapasuka kufuata kiini hicho. Yenye kifundo kikubwa ukingoni aliikataa pia. Kisha alichungulia kwa urefu wake kuona kama imejinyonga. Mbao iliyopinda kama upinde unaweza kuikata vipande vifupi na kasoro ikapungua. Iliyojinyonga itakusumbua hata ikiwa fupi. Kuhusu ubichi, alipiga msumari mwanzoni mwa mbao na kuuchomoa. Ukitoka na unyevu, mbao hiyo ni ya kusubiri, kwa sababu ikikauka inasinyaa na misumari yote inalegea.

Mbao ya futi 12 ni sentimita 366. Vipande 9 vya sentimita 40 vinachukua 360, na 6 zinazobaki zinaliwa na msumeno na ule ukataji wa kwanza wa kunyoosha kichwa. Kila stendi ilihitaji vipande 14, zote nne 56. Mbao 7 zilitupatia vipande 63. Viwili katika vile vya ziada vilitoa kabari 4: kila kipande kinakatwa nusu, kila nusu inapasuliwa mshazari, kisha pembetatu mbili zinaunganishwa ziwe kabari moja yenye upana wa sentimita 10.

Kila stendi ilikuwa na sehemu mbili zinazopandana, kila moja ya matabaka mawili na kimo cha sentimita 10. Ya chini ina vipande 4 vilivyobanana kuelekea upana wa gari, na juu yake 3 kuelekea urefu wa gari. Ya juu inaanza na 3 kwa upana na inamalizia na 4 vilivyobanana kwa urefu, ndipo tairi inapokaa. Vile vitatu havikupangwa ukingoni kabisa. Vya pembeni viliingizwa ndani sentimita 2, kimoja kikakaa katikati, na kati yao pakabaki nafasi ya sentimita 3. Kipande cha katikati ndicho muhimu kuliko vyote, maana tairi inakanyaga katikati. Kukiwa na viwili tu vya pembeni, uzito wote unaning'inia kwenye mbao za juu kama mtu aliyesimama katikati ya daraja la ubao mmoja.

Tulitumia misumari ya inchi 4, miwili kila makutano, na kilo 3 zilitosha na kubaki. Mbao mbili kwa pamoja zina inchi 4, kwa hiyo msumari ukipigwa wima ncha inatokeza upande wa pili. Mjomba aliipiga kwa mlalo kidogo, mmoja ukiegemea huku na mwingine kule. Haitokezi, na inashika vizuri zaidi. Iliwekwa mshazari ili isiangukie uzi mmoja wa mbao na kuipasua, na karibu na vichwa vya vipande alitoboa kwanza kwa drili. Inafaa kulielewa hili: misumari haibebi gari. Uzito unapita mbao kwa mbao, na kazi ya msumari ni kuzuia vipande visihame.

Sehemu ya juu na ya chini zilifungamanishwa kwa pini mbili za nondo ya milimita 12, kwenye makutano mawili yanayotazamana kwa mshazari. Kila pini ilikuwa na sentimita 7, na tundu lilitobolewa sentimita 4 kila upande kwa drili ya milimita 13.

Halafu kukawa na vizuizi vya tairi, na hapa vipimo vinadanganya. Mtu angedhani ukipigilia kipande cha 2 kwa 4 mbele na nyuma umemaliza. Tairi ni duara. Ya Corolla ile ilikuwa na kipenyo cha sentimita 58 hivi, na ikiwa imebeba gari inabonyea chini. Kizuizi chenye kimo cha sentimita 5 kinaigusa tairi ikiwa bado iko juu ya ubao. Tairi inakalia kingo za vizuizi badala ya kukalia stendi, na uzito unavisukuma nje kung'oa misumari. Tulitumia fito za inchi 1 kwa 2, zimelala, mbele na nyuma. Kati yake pakabaki sentimita 30, na tairi ikatulia chini huku ikizigusa kidogo pande zote. Fito nyingine mbili zilipigiliwa pembeni ili tairi isitoke kwa ubavu.

Kabla ya kupandisha, kila stendi iliwekwa sakafuni na kukanyagwa kwenye kona zote nne. Moja ilitikisika. Kijana wa jirani akaleta kipande cha kadibodi cha kusokomeza chini yake, mjomba akakikataa, akaigeuza stendi juu chini na kupiga randa kile kipande kilichojinyonga mpaka ikatulia. Kadibodi inalowa, inabonyea, na mtetemo ukiisukuma inachomoka.

Gari lilipandishwa kwa jeki ya magurudumu ya tani 3 inayofika karibu sentimita 50. Jeki ndogo ya tani 2, ile inayoishia 35 hivi, haitoshi, kwa sababu bodi inapopanda tairi zinabaki nyuma: springi zinafunguka, na unapandisha sentimita 9 au 10 kabla tairi haijaacha sakafu. Tulikwenda kwa hatua. Handibreki juu, gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Jeki chini ya krosimemba ya mbele, ile boriti ya chuma inayokingama chini ya gari, katikati, kukiwa na kibao kati yake na chuma. Sehemu za juu za stendi zikaingizwa peke yake chini ya tairi za mbele, gari likashushwa juu yake. Kisha nyuma vivyo hivyo. Kisha mbele tena, sehemu ya chini ikiwekwa na pini kufungwa. Mwisho nyuma. Kwa mtindo huo gari halikuinama zaidi ya sentimita 10 kwenye urefu wa mita 2.46 kati ya ekseli zake. Jeki ilikuwa huru kubingirika muda wote, maana mkono wake unapopanda unachora tao. Magurudumu yake yakikwama, linalovutwa ni gari.

Juu ya stendi za mbele, kabla ya kushusha mara ya mwisho, tuliweka kila upande vipande viwili vya bati bapa vyenye grisi kati yake, kingo zimekunjwa ili zisikate tairi.

"Grisi ya nini tena, mjomba? Unataka liteleze?"

"Liteleze kidogo tu, mjomba. Tairi ikining'inia inaingia ndani. Likishuka inataka kurudi nje, na mpira juu ya mbao haurudi."

Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijali, nalo linaharibu kazi yote. Tairi ikishikwa na mbao isiweze kutanuka, gari linabaki limesimama juu kuliko linavyokaa barabarani, na ukikaza bushi hapo umerudi kwenye kosa lile lile la kukaza likiwa hewani. Barabarani gari lingesogezwa mbele na nyuma likatulia. Juu ya stendi haliwezi kusogezwa. Tulikuwa tumepima mapema, gari likiwa sakafuni, kutoka kitovu cha rimu hadi ukingo wa madigadi. Baada ya kulibonyeza mara kadhaa kwa mikono juu ya boneti, vipimo vya pande zote mbili vilirudi vile vile. Bila grisi visingerudi.

Mbao zililia mwanzoni, mlio mfupi mfupi wa kukaa sawa, kisha kimya. Mjomba alichora mistari ya penseli kwenye ubavu wa kila stendi kupitia matabaka yote, ili kuhama kokote kuonekane, na gari likalala hapo usiku kucha bila mtu kuingia chini. Asubuhi mistari ilikuwa imenyooka. Kimo cha stendi za mbele kilikuwa kimepungua milimita 2. Tulilisukuma gari kwa ubavu kwa nguvu, mbele na nyuma, halikuyumba. Jeki ilirudishwa chini ya krosimemba ikiwa imeigusa tu, bila kubeba, na stendi mbili za chuma zikawekwa chini ya chesisi kama akiba.

Kukaza kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuchagua mbao. Boliti zililegezwa kwanza mpaka wishboni ikacheza bure na bushi ikajikalia yenyewe, kisha zikakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kushoto na kulia, na kuwekwa alama ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti.

Kushusha kulifuata njia ile ile kinyumenyume, nyuma kwanza. Bati za grisi zilitolewa na sehemu za juu za stendi zikafutwa kwa matambara na maranda makavu, kwa sababu mbao iliyokunywa mafuta haishiki tena na haifai kuwekwa chini ya tairi. Kila sehemu ina uzito wa kilo 7 hivi, mtu mmoja anaibeba bila shida. Tulizipanga juu ya vipande viwili vya tofali, mbali na ukuta, ili mchwa wakija waonekane.