Siku moja maishani mwangu: kishikwambi kimoja cha saiti na cha nyumbani

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Kishikwambi changu kimefika mwisho wa masasisho ya usalama, na ofisi haikubali tena kifaa cha namna hiyo kifungue barua pepe wala michoro ya miradi. Vifaa hatupewi, kila mtu anatumia chake, na kubeba viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha nyumbani, sitaki. Kwa hiyo leo nimefanya kazi zangu kama kawaida, ila kila nilipokishika kishikwambi nimeandika nilichokihitaji saa ile. Habari za prosesa nimeziweka kando. Vishikwambi vya daraja la kati vya siku hizi vina kasi ya kutosha kwa kazi kama yangu. Kinachoamua ni mambo mengine kabisa.

Saa 11:30 alfajiri

Nasoma riwaya kidogo kabla nyumba haijaamka. Nimelala ubavu, nimekishika kwa mkono mmoja. Saa hii uzito ndio unaotawala. iPad Air ya inchi 11 ina gramu 460 hivi. Ya inchi 13 inavuka gramu 600. Ukizisoma namba hizo unaona tofauti ni ndogo, lakini baada ya kurasa chache kiganja kinaanza kulalamika. Niliwahi kuazima cha inchi 13 kwa mwenzangu: michoro ilipendeza mno, kusoma kitandani kulinishinda. Inchi 11, basi. Uamuzi wa kwanza umepatikana jua likiwa bado halijachomoza.

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kutoka napakua michoro ya leo, kwa sababu mtandao wa saiti ni wa kubahatisha. Huwa naambiwa, "Si kila kitu kiko kwenye wingu?" Kiko, ila mimi nitakuwa ghorofani, nimezungukwa na zege, na wingu halitafika. Hifadhi ya ndani ndiyo ninayoitegemea. Ya GB 64 siitaki hata kwa zawadi: mfumo wenyewe unachukua sehemu, programu zinachukua yake, na picha za saiti zinajaza kilichobaki. Naanzia GB 128, na 256 ingenipa amani. Vishikwambi vingi vya Android vinapokea kadi ya microSD, na humo naweza kuweka picha na filamu, ingawa programu nyingi zitabaki kwenye hifadhi ya ndani. iPad haina nafasi ya kadi. Ukinunua yenye hifadhi ndogo, umeishi nayo hivyo hivyo, au ubebe diski ya nje ya kuchomeka kwenye USB-C.

Saa 3:00 asubuhi, saiti

Leo tunakagua nondo za sakafu ya ghorofa ya pili kabla zege halijamwagwa. Hii ndiyo saa ninayokitumia kishikwambi kwa bidii kuliko zote, na ndiyo saa inayokitesa.

Kwanza jua. Vioo vingi vya daraja la kati vina mwangaza wa niti 400 hadi 500, ambao ndani ya nyumba ni mwingi na juani ni mchache. Nageuka, nakitia kivuli kwa mwili, nasogea karibu na ukuta. Vya bei ya juu vinafika niti 1000 na zaidi, na natamani sana, lakini joto nalo lina neno lake. Apple inaeleza kwamba iPad imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Kikipata moto kupita kiasi, kifaa kinapunguza mwangaza chenyewe ili kijilinde, na hapo niti ulizolipia huzioni. Kivuli ni dawa ya yote mawili.

Pili vumbi. Kwenye alama ya IP68, inayoonyesha kinga ya kifaa, tarakimu ya kwanza inahusu vumbi: 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji. Watu wanaizungumzia ya maji, mimi naitafuta ya vumbi, kwa sababu saruji hupenya kila tundu. Galaxy Tab S9 ya Samsung, ya 2023, ilitoka na alama hiyo. iPad hazina alama yoyote ya IP, kwa hiyo ukiipeleka saiti unategemea kava. Vipo pia vilivyoundwa kwa kazi ngumu, kama Galaxy Tab Active, ambavyo betri yake unaibadilisha mwenyewe. Kwa mtu anayeshinda saiti kutwa nzima ningemshauri hicho bila kusita. Mimi nashinda huku nusu siku, na jioni nataka kioo kizuri zaidi.

Tatu michoro yenyewe. Karatasi za A, kuanzia A4 hadi A0, zina uwiano mmoja: upande mrefu ni mara 1.41 ya mfupi. iPad Air ya inchi 11 ina pikseli 2360 kwa 1640, yaani 1.44, kwa hiyo mchoro unakaa karibu kioo kizima. Galaxy Tab S9 ina pikseli 2560 kwa 1600, yaani 1.6, na mchoro unaacha mikanda miwili mitupu pembeni. Inchi ni zile zile 11, lakini maandishi ya vipimo yanatoka madogo zaidi. Mtu anayeishi kwa kusoma kurasa aangalie uwiano huu kabla ya kuangalia inchi.

Fomeni ananiita: "Mhandisi, hapa nondo zimepungua au mchoro umebadilika?" Nafungua toleo jipya, nakuza, naweka duara jekundu kwa kalamu na kuandika pembeni. Nondo zimepungua. Tunakubaliana zirekebishwe kabla ya zege, napiga picha, anaweka saini pale pale kwenye kioo. Zege likishamwagwa hakuna atakayeziona nondo tena. Ushahidi utakaobaki ni picha ile, tarehe yake na mahali ilipopigwa.

Hapo kwenye mahali pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. iPad ya Wi-Fi tupu haina GPS. Inakadiria ilipo kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi ya karibu, na saiti mpya haina mtandao wowote wa karibu. Ile inayopokea laini ya simu ndiyo yenye GPS. Kwangu hilo linamaliza mjadala wa laini, hata kama bando nitaligawa kutoka kwenye simu. Ukichagua kifaa cha kampuni nyingine, soma kwanza kama GPS imetajwa kwenye maelezo yake.

Na kalamu: ya Samsung inakuja ndani ya boksi kwenye matoleo ya Tab S, na kuandika kwake hakuhitaji chaji. Ya Apple inauzwa peke yake na inachajiwa. Kwa anayechora sana nyumbani zote ni nzuri. Mimi ninayehitaji kalamu iandike muda wowote nitakaoitoa mfukoni, isiyochajiwa inanivutia zaidi.

Saa 7:00 mchana

Ofisini. Ripoti naiandikia kwenye kompyuta ya mezani, kwa hiyo hapa sikai sana. Mwenzangu wa meza ya jirani anatumia Surface Pro, kishikwambi cha Microsoft chenye Windows kamili, na anaendesha programu ile ile ya michoro aliyonayo mezani. Anayetaka kifaa kimoja kiwe pia kompyuta yake, aanzie hapo. Ila kwanza ahakikishe programu zake zinakubali prosesa iliyomo, maana baadhi ya Surface zinatumia prosesa za Arm, za aina ya zilizomo kwenye simu, na programu nyingine nzito au za zamani hazielewani nazo. Mimi kompyuta ninayo. Ninachotafuta ni cha kusimama nacho.

Saa 8:30 mchana

Nimekwenda kwa kaka wa TEHAMA na swali moja: "Mkinifuta, mnafuta nini?"

Nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote kwa yeyote anayechanganya kazi na maisha yake kwenye kifaa kimoja, na silioni likiulizwa. Ofisi ikikubali kifaa chako, inataka uwezo wa kuondoa data zake siku kikipotea au siku ukiacha kazi. Ni haki yake. Lakini ndani ya kifaa hicho hicho zimo picha za watoto wangu, barua zangu na mambo ya benki.

Amenieleza vizuri. Kwenye Android kuna wasifu wa kazi, uliokuja na toleo la 5.0 mwaka 2014. Programu za ofisi zinakaa upande wake zikiwa na alama ya mkoba mdogo, na ofisi inasimamia upande huo tu. Ni kama chumba cha kupangisha chenye mlango wake: mpangaji akihama anatoa vitu vyake, sebule yako haiguswi. Jioni naweza kuuzima wasifu wote, barua za kazi zikanyamaza hadi kesho. iPad nayo tangu 2019 ina njia ya mtumiaji kusajili kifaa chake mwenyewe, data za ofisi zikatengwa na zake, na ofisi isiweze kufuta kifaa kizima. Kwa ukimya wa jioni, iPad ina Focus, inayozuia arifa na kuficha kurasa za programu za kazi.

"Shida, dada," akasema, "ni pale mtu anapoletewa fomu ya usimamizi kamili akaikubali bila kusoma." Usimamizi kamili ni wa vifaa vya ofisi. Ukiuweka kwenye chako, umewapa ufunguo wa nyumba nzima. Nimemwomba aniandikie kwa barua pepe kwamba changu kitasajiliwa kwa wasifu wa kazi tu, na kwamba sheria za ofisi hazitanizuia kuongeza mtumiaji wa pili. Amejibu kabla sijarudi mezani: ndiyo kwa yote mawili.

Saa 11:30 jioni

Sababu ya mtumiaji wa pili imenipokea mlangoni. "Mama, leo zamu yangu!" Mdogo anataka mchezo wa hesabu, mkubwa anataka kumalizia kitabu chake. Kwenye kishikwambi cha sasa nakaa karibu yao nikichungulia, kwa hofu ya kidole kinachoweza kufungua ripoti na kuituma nusu.

Vishikwambi vya Android vina watumiaji wengi tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012: kila mmoja na programu zake, picha zake, nywila yake. iPad inayomilikiwa na mtu binafsi ina mtumiaji mmoja. Unaweza kuifungia kwenye programu moja kwa Guided Access, na kwa mtoto mmoja mdogo inatosha. Kwa familia inayopokezana kifaa chenye mafaili ya kazi, mimi naona ni upungufu wa kweli, na unaniuma kwa sababu uwiano wa kioo chake ulishanipendeza asubuhi.

Saa 2:00 usiku

Napiga simu ya video kwa mama. Kamera ya kishikwambi changu iko upande mfupi, kwa hiyo nikikilaza mama ananiona kama ninayeangalia dirishani. "Unaongea na nani huko pembeni?" ananiuliza. Vingi vya sasa vimehamishia kamera upande mrefu. Hata iPad ya kizazi cha 10, ya 2022, ilifanya hivyo. Nimeliandika kama sharti.

Kisha filamu na mume wangu. Hapa kile kioo cha 1.6 kinajitetea: filamu nyingi ni pana, 16 kwa 9 au zaidi, na kwenye inchi 11 kinaionyesha kubwa kuliko kioo cha uwiano wa karatasi. Mchana nilikikosoa, sasa nakisifu. Mchoro nitaukuza kwa vidole. Filamu haikuzwi bila kukatwa.

Saa 4:00 usiku

Nimeamua. Android, inchi 11, IP68, kalamu ndani ya boksi, GB 256, ya kupokea laini. Kioo cha 1.6 nakikubali kwa ajili ya wasifu wa kazi na watumiaji wa nyumbani kukaa pamoja kwenye kifaa kimoja.

Kilichobaki kuhakiki ni miaka ya masasisho, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa kwenye kishikwambi cha sasa. Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy Tab S10 ya 2024, na kwa toleo lolote nitakalochukua nataka ahadi ya namna hiyo imeandikwa. Miaka nitaihesabu tangu siku toleo lilipotoka, hata kama mimi nimelinunua baadaye. Toleo la zamani lililoshushwa bei linaweza kuwa limeshatumia nusu ya umri wake. Kibodi sinunui. Ile ya Bluetooth ya ofisini itaunganika.